Chupa Mbili za Pipa la Bluu

Chuno, Mtwara

Mwanangu Felista,

Mama yako yuko chumbani kwako anakunja upya nguo ulizokwisha kuzikunja. Wewe umekwenda Shangani kuaga rafiki zako, na umeahidi kurudi kabla chakula hakijapoa. Nimepata nafasi ya kukaa mezani peke yangu na kalamu. Mambo ya sweta, ya vitambulisho, ya kutompa mtu usiyemjua mzigo wako akushikie, hayo nimemwachia mama yako. Ameshayasema yote na atayasema tena kesho stendi. Mimi nina jambo moja tu, na wiki nzima nimeshindwa kulitoa mdomoni.

Lilizidi kunisumbua Jumapili ile ulipokuja na chupa ya mvinyo wa zabibu waliyokupa watu wa kiwanda cha Dodoma, unakokwenda kuanza kazi ya kuonja, ili ujizoeze. Ulinimiminia kidogo kwenye glasi, ukaniambia niizungushe, ninuse, halafu nikwambie nasikia nini. Nikanusa. Nikasema nasikia zambarau zilizoiva kupita kiasi, zile zinazoanguka chini na kupasuka. Ukacheka, ukatazama karatasi yao, ukasema, "Hapana, baba. Hiyo ni cheri."

Nikakubali. Nikasema, "Kweli, cheri."

Mwanangu, mimi na wewe hatujawahi kula cheri. Tunachokijua ni kile chekundu kinachobandikwa juu ya keki ya harusi, nacho mama yako anasema ni papai lililotiwa rangi. Zambarau tunazijua. Umezila tangu huna meno ya mbele, na nguo zako zote za utotoni zilikuwa na madoa yake. Lakini uliposema ile "hapana," sikubishana nawe. Nilishtuka, kwa sababu ile sauti niliifahamu. Ilikuwa yangu.

Kisa cha shangazi yako Lurdes unakijua nusu. Unajua kwamba zamani alikuwa akitengeneza mvinyo wa mabibo kule Mpapura, na siku hizi hatengenezi. Ulipokuwa mdogo uliniuliza kwa nini ameacha, nikakujibu kwamba amechoka, umri umekwenda. Wakati ule shangazi yako hakuwa na umri wa kuchoka. Alikuwa akibeba ndoo mbili za maji huku anaimba.

Nikueleze kwanza mvinyo wenyewe, maana wewe uliuona kwa macho ya mtoto. Msimu wa korosho watu wengi wanang'oa korosho, na bibo, lile tunda lake, wanalitupa chini linaliwa na nzi, au wanalikamua haraka haraka wapate uraka wa kulewea jioni. Lurdes hakuwa na haraka. Aliokota mabibo yaliyoanguka usiku uleule, akayaosha, akayakamua, akachuja kwa kitambaa cheupe. Halafu alitia uji mwepesi wa muhogo ndani ya ile juisi. Ule uji unashuka chini taratibu na kuondoka na ukakasi, ile hali ya bibo kukaba ulimi na kukausha koo. Baada ya hapo juisi ilikwenda kwenye mapipa, nayo mapipa yalifunikwa na kuachwa miezi mingi kwenye chumba chenye giza. Pipa alilolipenda zaidi lilikuwa la bluu. Mvinyo wake ulitoka na rangi kama ya chai isiyo na maziwa. Watu walikuja kuufuata kutoka mbali, harusi, ubatizo, Krismasi, na hakuna aliyewahi kumwuliza una harufu ya nini. Waliuliza tu kama umebaki.

Mimi wakati huo nilikuwa bado bwana shamba. Vikundi vya akina mama vilikuwa vimeanza kusindika mabibo, nanasi na choya, yale maua mekundu machachu, na ofisini wakatafuta mtu wa kumpeleka Dodoma kwenye mafunzo mafupi ya kuonja na kupima vinywaji hivyo. Nikapelekwa mimi. Tulifundishwa kushika glasi kwenye kikonyo chake, kutazama rangi mbele ya karatasi nyeupe, kunusa, kuzungusha mdomoni, kutema, kisha kuandika maneno na kutoa alama katika mia. Nilirudi na cheti. Mama yako alikitundika sebuleni juu ya televisheni, na kila mgeni aliyeingia nilihakikisha amekaa upande wa kukiona.

Sitaki uelewe kwamba mafunzo yale yalikuwa ya uongo. Nilijifunza kutambua mvinyo uliochacha, uliotiwa maji, uliokaa kwenye chombo kichafu. Hayo yapo, na mtu yeyote aliyefundishwa atayaona. Ila kulikuwa na upande mwingine, ule wa maneno: mvinyo huu una haya, ule una kifua, huu unakumbusha kitu fulani. Hata hayo tulifundishwa kuyasema bila kusitasita. Na mimi, katika yote niliyofundishwa, kutositasita ndiko kulikonivutia zaidi.

Nikawa mtu wa alama. Mama yako akipika pweza wa nazi, nampa nane katika kumi na kumweleza mbili zimepotelea wapi. Wewe ulikuwa darasa la tatu. Siku moja uliniletea picha uliyochora ya nyumba yetu na mkorosho wa jirani, ukasimama mbele yangu ukingoja. Nikasema, "Saba."

Ukauliza, "Saba ni nzuri?"

Nikasema, "Nzuri, ila mkorosho hauna kivuli."

Ukachukua kalamu ukauwekea kivuli. Sikumbuki kama uliwahi kuniletea picha nyingine. Mama yako ndiye aliyeniambia, juzijuzi tu, kwamba uliendelea kuchora mpaka unamaliza sekondari. Alikuwa akiziona yeye.

Basi, yakafanyika maonyesho ya wasindikaji hapa mjini, na mimi nikawekwa mkuu wa waonjaji. Tulikuwa watatu. Wenzangu, mwalimu mmoja wa upishi na bwana mmoja mfanyabiashara, hawakuwa na cheti, kwa hiyo kila glasi walingoja nifungue mdomo mimi kwanza, ndipo waandike. Niliona ni heshima. Sasa naona kwamba pale mezani alikuwepo mwonjaji mmoja tu mwenye kalamu tatu.

Utaratibu ulikuwa chupa zikae nyuma ya pazia, sisi tuletewe glasi zenye namba tu. Lakini pazia lenyewe lilikuwa kitenge kilichofungwa kwa pini, na feni ilikuwa inakipepea. Nilipogeuka kuomba maji ya kusukutua, kitenge kikainuka, nikaona mhudumu anamimina kutoka kwenye chupa iliyozibwa kwa gunzi la muhindi. Nikajua hiyo ni ya dada. Nani mwingine angekuja na gunzi kwenye maonyesho.

Glasi hiyo ikaletwa mezani. Kabla haijafika puani, nilikuwa tayari na mambo mawili kichwani. Niliogopa watu wasije wakasema nimempendelea dada yangu. Na nilimwonea aibu kwa lile gunzi. Nikanywa. Glasi iliyotangulia ilikuwa ya nanasi, tamu kama sharubati, na juu ya utamu ule bibo lilinishika ulimi kwa nguvu. Nikaandika: ukakasi mkali, harufu ya kamba iliyolowa, mwisho mchungu, kinywaji cha kienyeji kisichokomaa. Nikatoa hamsini na nane. Wenzangu wakaandika karibu na hapo.

Zikapita glasi nyingine. Ikaja moja ya choya, kali kama ndimu, iliyonifanya nikunje uso. Baada yake ikaja ya mabibo tena. Chupa yake sikuiona, na kwa kuwa nilishajiambia kwamba wa dada umepita, nilikunywa bila woga wowote. Baada ya ule ukali wa choya, kinywa kilitulia. Nikaandika: laini, asali ya nyuki wadogo, ganda la chungwa lililokauka, ukavu wa kupendeza mwishoni. Nikatoa themanini na sita. Nikawaambia wenzangu, "Huyu mtu anajua kazi."

Ndio ulioshinda. Mwenyewe alikuwa Medadi, yule mwenye baa ndogo kule Shangani, na chupa yake ilikuwa ya kioo kizito, ina karatasi iliyochapwa vizuri. Wakapitisha vikombe vidogo ukumbini ili watu wote wauonje mshindi. Shangazi yako alikuwa amekaa nyuma, amevaa kile kitenge chake cha kijani cha kanisani. Alipoonja nilimwona anatabasamu, kisha anainuka, anapita katikati ya viti anakuja mbele. Hakuja kwa hasira, Felista. Nataka ulijue hilo. Alikuja akiwa na furaha ya mtu aliyebahatika.

"Mdogo wangu," akaniambia, "huu ni wangu."

"Upi?"

"Huu wa Medadi. Alikuja juzi Mpapura akanunua dumu zima. Ni wa pipa la bluu, uleule niliouleta mimi. Kumbe nimeshinda."

Mkuu wangu wa kazi alikuwa amesimama pembeni, na wageni kutoka wilayani. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Dada, usiniaibishe."

Hakuelewa. Akacheka, akasema, "Nikuaibishe vipi, mwana wa mama? Nakwambia umenipa ushindi."

Hapo ndipo nilipoinua sauti, ili wale waliosimama karibu wasikie. Nikasema, "Wako umepata hamsini na nane. Huu umepata themanini na sita. Kama ungekuwa mmoja, ulimi wangu ungejua."

Akanitazama. Akatazama kikombe chake kidogo. Halafu, na hili ndilo linaloniuma kuliko yote, aliniamini. Niliona kabisa usoni pake anavyolipima lile neno na kulikubali. Mimi ndiye niliyesoma, mimi ndiye mwenye cheti, kwa hiyo lazima Medadi kaongeza kitu, lazima wake una kasoro ambayo yeye hawezi kuisikia. Akasema, "Basi nitakuwa nimekosea," akarudi kukaa kwenye kiti chake.

Habari ilifika Mpapura kabla yake. Wanywaji wake wa siku zote wakaufanya utani. Wakifika kwake wanasema, "Shangazi, tupimie hamsini na nane." Hawakuwa na ubaya, na mwanzoni alicheka nao. Lakini jina likakaa. Hata waliokuwa wakiupenda mvinyo ule wakaanza kuutafuta ule ukakasi niliousema, na ukiutafuta utaupata.

Msimu uliofuata alikuja hapa nyumbani kuniuliza afanyeje. Ulikuwepo, ulikuwa unacheza na mjukuu wake uani. Nikamwelekeza kama mtaalamu. Nikamwambia azidishe ule uji wa muhogo, atie sukari, auchemshe kidogo. Alifuata yote. Ukatoka maji matamu yasiyo na kichwa wala miguu. Watu wakanywa mara moja hawakurudi. Baadaye alilitoa lile pipa la bluu nje akaliweka chini ya bati likinge maji ya mvua, na mimi, nilipoliona, nikasema moyoni kwamba angalau nilijaribu kumsaidia.

Muda si mrefu baada ya hapo Medadi alinisimamisha barabarani. Alisema, "Mzee, lile dumu lilikwisha zamani na wateja bado wanauliza. Nifanyie mpango kwa dada yako anitengenezee mwingine kama ule."

Nikamwuliza aliongeza nini ndani yake.

Akashangaa. "Niongeze nini? Nilichuja kwa kitambaa, nikatia kwenye chupa. Basi."

Nikamjibu, "Kuchuja ndiyo kazi yenyewe," nikaondoka. Lakini nilikuwa najua. Kuanzia pale barabarani nilikuwa najua kwamba mvinyo mmoja, kutoka pipa moja, siku moja, mdomo wangu uleule ulikuwa umeuita kamba iliyolowa na ukauita asali. Ningeweza kupanda gari siku ileile kwenda Mpapura. Sikwenda. Nilikwenda kuonja mahali pengine, kwa kuwa waliendelea kuniita, nami niliendelea kutoa alama, na kila nilipotoa sikuwa na hakika tena, ila nilikuwa nimeshazoea sauti ya mtu mwenye hakika. Unaweza kuishi nayo muda mrefu sauti hiyo. Watu hawakuulizi.

Ulipopata nafasi ya Dodoma, mama yako alifurahi mpaka akalia. Mimi nilifurahi nikaogopa. Nikaona utakaa kwenye chumba chenye meza nyeupe, utapewa glasi na kalamu, na mtu fulani ambaye hutamwona atakuwa anangoja neno lako kama Lurdes alivyongoja langu. Mwezi uliopita, nilipokuaga nikisema naenda kuangalia shamba, nilikwenda kwa shangazi yako.

Nilimkuta amekaa kizingitini anachambua mbaazi kwenye ungo. Akaniletea kigoda. Tukaulizana hali, watoto, magonjwa. Kisha nikasema, "Dada, nimekuja kwa habari ya mvinyo."

"Mvinyo gani?"

"Ule wako wa maonyesho. Chupa zote mbili zilikuwa zako. Nimejua siku nyingi, Medadi aliniambia."

Hakuinua kichwa. "Mimi pia nilikuja kujua," akasema. "Medadi alifika hapa akitaka mwingine. Nikamwuliza, akaniapia hakuweka kitu."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia ukumbini."

Kuku walikuwa wanasogelea ungo, akawafukuza kwa mkono. Nikamwomba autengeneze tena, hata kidogo, ili wewe ukija likizo urudi Dodoma na chupa moja ya kwetu uwaonjeshe wenzako.

"Siwezi," akasema.

"Msimu ukifika mabibo yatakuwepo."

"Mabibo yatakuwepo. Ladha ndiyo sina. Unapotengeneza lazima ujue unaelekea wapi, ndipo ujue siku ya kuacha. Mimi nikijaribu kuikumbuka ile ladha, inayokuja ni hamsini na nane. Wewe unaikumbuka?"

Nikafungua mdomo nimwambie. Nikamwambia asali ya nyuki wadogo, ganda la chungwa. Nikamwambia na yale mengine pia, kamba, uchungu, ukakasi, kwa sababu sikutaka tena kumficha kitu.

Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Hayo ni maneno yako. Mvinyo wenyewe ulikuwaje?"

Felista, sikuweza. Nilikaa pale nikitafuta ndani ya kinywa changu, na nilichokikuta ni yale maneno niliyoyaandika, makavu vilevile nilivyoyaandika. Mvinyo umeondoka, maneno ndiyo yamebaki, na hata hayo yanapingana.

"Katika hayo, yapi yalikuwa ya kweli?" akaniuliza.

"Sijui, dada."

Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nilipokaa. "Ungesema hivyo siku ile," akasema. "Hiyo 'sijui' yako ingenitosha."

Kisha akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulijua. Bibi yako Filomena, mama yetu, yule aliyevuka Ruvuma wakati wa vita amembeba Lurdes mgongoni na mimi sijazaliwa, wewe hukumkuta akiwa na nguvu. Miaka yake ya mwisho aliishi kwa Lurdes, na alikuwa amepoteza ladha kabisa. Hilo nililijua kwa kusikia. Ugali, samaki, mchuzi, kila kitu alisema ni kama anatafuna karatasi, akakonda. Mimi niliwatembelea mwisho wa mwezi na mkate na sukari, nikakaa kidogo, nikarudi mjini. Lurdes ndiye aliyekuwa anambembeleza ale.

Siku moja Lurdes alitengeneza pipa ambalo ule uji haukukaa vizuri, ukakasi mwingi ukabaki. Alitaka kulimwaga. Mama akaomba aonje. Ule ukakasi ukamshika ulimi na mashavu kwa ndani, akafumba macho, halafu akacheka. Akasema, "Huu nausikia." Akaomba tena, na siku ile alikula samaki mzima.

Kuanzia hapo Lurdes alipunguza uji wa muhogo kwa makusudi. Alijifunza kuacha ukakasi kiasi ambacho mama angeusikia na wageni wasiukimbie. Ilimchukua misimu kadhaa kupata hapo katikati. Mama alipofariki, akaona auache hivyohivyo. "Nikiunywa ni kama bado yupo anacheka," akaniambia.

Mimi, mtoto wa mama yuleyule, niliuandika ukakasi ule kuwa kasoro na kuukatia alama. Kisha nikamfundisha dada yangu namna ya kuuondoa.

Nililia pale kwenye kigoda, na yeye aliniacha nilie. Hakunibembeleza. Aliendelea na mbaazi zake, na alipomaliza aliingia ndani akanipikia, tukala. Aliniambia amekwisha kunisamehe siku nyingi, kwa sababu kumchukia mdogo wake ni kazi kubwa na yeye ana shamba la kulima. Naamini alisema kweli. Lakini kusamehewa hakukurudisha kitu chochote kwenye lile pipa.

Sasa nikwambie ninachotaka, na ni kidogo. Sikuombi ukatae kutoa alama. Hiyo itakuwa kazi yako, watakulipa kwa ajili yake, na watu wanaouza na kununua wanahitaji mahali pa kuanzia. Uonje, uandike, utoe namba. Ila mbele ya kila namba ujiulize umetoka kunywa nini dakika ile, umeona nini kupitia pazia, na ni nani unamwogopa mle chumbani. Mimi siku ile nilijibu maswali hayo yote matatu kwenye karatasi yangu, nikadhani nimeandika habari za mvinyo.

Ukisikia zambarau, andika zambarau. Watakaokwambia cheri huenda nao wanasikia cheri, maana ndiyo waliyolelewa nayo, wala usiwaone waongo. Usiwaambie tu "hapana." Na wewe usikubali upesi kama nilivyokubali mimi Jumapili ile. Nilikubali kwa sababu nilitaka uone baba yako anajua. Hata uzee huu, mwanangu, bado nataka kuonekana najua.

Na akija mtu mwenyewe, aliyekamua na kusubiri, akakusogelea akiwa na furaha na kikombe mkononi, mwache amalize kusema. Mimi sikumwacha dada yangu amalize.

Ile picha ya nyumba yetu na mkorosho ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri hata kabla ya kivuli. Nimechelewa sana kukwambia, na najua neno hilo kwa mtu mzima anayeondoka halina kazi ambayo lingekuwa nayo kwa mtoto wa darasa la tatu. Nalisema hivyohivyo.

Barua hii nitaiweka kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako, chini ya karanga za mama yako, ili uipate ukiwa umeshapita Lindi na huwezi kushuka kuja kubishana nami. Kuna jambo la mwisho ambalo shangazi yako amenituma. Juzi alinipigia simu. Amesema ukipata ruhusa mabibo yatakapoanza kuanguka, urudi, uende moja kwa moja Mpapura, mkamue pamoja. Hakuahidi kwamba utatoka kama ule wa zamani. Amesema mtakisia, yeye kwa mikono yake na wewe kwa pua yako, na utakavyotoka ndivyo utakavyokuwa. Ametoa sharti moja tu, kwamba siku ya kulifungua pipa na kuonja, mimi nisiwepo.

Nimekubali, mama. Siku hiyo nitakaa hapa Chuno na mama yako. Mkitaka kuniletea, nitapokea na kunywa, na sitasema kitu mpaka mniulize. Msiponiletea, sitauliza kwa nini.

Baba yako